Umeme Ukishapita Mita

  

Mada ya leo ukiitaja tu watu wanapiga miayo: usalama wa laini za umeme kwenye shughuli za mafuta na gesi, na hasa nani anazisimamia. Najua, najua. Lakini nipeni muda kidogo, maana nitawapeleka kwenye moto uliounguza eneo kubwa kuliko Unguja na Pemba kwa pamoja, halafu nitawarudisha huku kwetu, kwenye bomba la kutoka Hoima hadi Tanga.

Kabla hatujaondoka, hebu mjiulize. Umeme unatoka kwenye nguzo ya mtaani, unaingia kwenye mita yako. Ukishapita pale kwenye mita, zile nyaya ni za nani? Ni zako. Shirika la umeme kazi yake imeishia hapo. Sasa tuseme una nyumba ya kupangisha. Mwanzoni alikuja fundi mwenye leseni, akafunga nyumba kubwa vizuri, ikakaguliwa, umeme ukaingia. Miaka ikapita, ukajenga vyumba viwili uani. Kijana wa mtaani akavuta waya kutoka sebuleni, akaupitisha juu ya kamba ya kuanikia nguo, ukafika uani. Taa zinawaka, kodi inaingia. Nani atakuja kuukagua waya ule? Shirika litasema mita yetu iko sawa. Serikali ya mtaa itasema sisi si mafundi. Mpangaji atanyamaza, anaogopa kufukuzwa. Waya upo, kila mtu anauona, na wa kuuangalia hayupo.

Shikeni hilo: waya uliopita mita. Sasa twende Texas.

Kaskazini kabisa mwa jimbo la Texas, huko Marekani, kuna eneo linaloitwa Panhandle. Ni nchi ya nyasi na ng'ombe. Tambarare, upepo hauishi, miti ya kuhesabu. Chini ya nyasi hizo kuna mafuta na gesi, na watu wamekuwa wakiyachimba kwa takribani miaka mia moja sasa. Mji wa Borger, kwa mfano, ulizaliwa mwaka 1926 kwa sababu ya mafuta tu. Watu walimiminika pale kama tulivyozoea kuona kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa hiyo ukipita leo kwenye ranchi za huko unaona mambo mawili kwa pamoja: ng'ombe wanakula nyasi, na katikati yao pampu za mafuta zinainama na kuinuka, zinainama na kuinuka, mchana na usiku.

Jumatatu ya tarehe 26 Februari 2024, upepo ulikuwa mkali mno. Nyasi zilikuwa zimekauka kwa baridi, zimesimama, rangi ya majani makavu ya mahindi. Karibu na mji mdogo wa Stinnett, hapo hapo jirani na Borger, moto ukaanza. Wakauita Smokehouse Creek. Ulikimbia kuelekea mashariki, ukavuka hadi jimbo la jirani la Oklahoma, na ulipokuja kudhibitiwa wiki kadhaa baadaye ulikuwa umeunguza zaidi ya ekari milioni moja. Ekari milioni moja ni nyingi kiasi gani? Chukua mkoa mzima wa Dar es Salaam, kuanzia Mbweni mpaka Chanika mpaka Kigamboni, kisha uuzidishe mara tatu. Ndio moto mkubwa kuliko mioto yote ya nyika iliyowahi kurekodiwa Texas.

Watu wawili walifariki, wote wanawake. Nyumba ziliteketea. Ng'ombe walikufa kwa maelfu. Na wale waliobaki hai, wengine walikuwa wameungua kwato na viwele, hawawezi kusimama wala kunyonyesha, wafugaji wakalazimika kuwamaliza wenyewe kwa bunduki. Wafugaji mnaonisikiliza mnajua mtu anayefanya kazi hiyo anarudi nyumbani akiwa na hali gani.

Moto ulianzaje? Idara ya misitu ya Texas ilichunguza ikasema: laini ya umeme. Kamati ya wabunge ikachunguza nayo ikasema: nguzo iliyooza, ikavunjika kwenye upepo, nyaya zikaanguka kwenye nyasi kavu. Kampuni ya umeme, Xcel Energy, ilisema hadharani kwamba vifaa vyake vinaelekea kuwa ndivyo vilivyowasha moto, ingawa ilikataa kwamba ilizembea. Siku hiyo hiyo ulizuka moto mwingine mkubwa, ulioitwa Windy Deuce, nao idara ya misitu ikasema chanzo ni laini za umeme.

Hapa naomba niwe mwangalifu, nisije nikawapotosha. Nguzo ya ule moto mkubwa ilikuwa ya kampuni ya umeme. Haikuwa ya kampuni ya mafuta. Lakini kamati ilipokaa katika mji wa Pampa, mwezi wa Aprili 2024, ikawaita wafugaji, wazima moto na maofisa wa serikali wazungumze, likaibuka jambo ambalo wenyeji walikuwa wakilinung'unikia miaka mingi. Wakasema: mnatuuliza juu ya nguzo za kampuni ya umeme, sawa, lakini je, hizi nguzo za visima zilizotapakaa kwenye malisho yetu? Zimeinama. Nyaya zimelegea mpaka ng'ombe akipita chini yake unashika roho. Mioto mingapi midogo imeanzia hapo tukaizima wenyewe kwa matrekta na matangi ya maji? Kamati ilipotoa ripoti yake mwanzoni mwa Mei iliandika wazi kwamba kuna waendeshaji wa visima wasiowajibika, na kwamba mamlaka za serikali hazikuwa zikiwafuatilia ipasavyo.

Sasa tuingie ndani kidogo. Pampu ya mafuta inahitaji nguvu. Zamani zilikuwa zikiendeshwa kwa injini. Siku hizi nyingi zina mota ya umeme. Umeme unaletwa na kampuni ya umeme mpaka sehemu fulani pembeni ya eneo la visima. Hapo kuna nguzo, kuna transfoma, kuna mita. Kuanzia pale kwenye mita, mwenye kisima anavuta laini yake mwenyewe. Nguzo zake, nyaya zake, vikombe vyake, fyuzi zake. Kama ana visima vitano vilivyotawanyika kwenye bonde, laini itapita bonde zima, nguzo baada ya nguzo, kwenye shamba la mtu mwingine.

Ndiyo, kwenye shamba la mtu mwingine. Kwetu madini na mafuta ni mali ya umma, serikali ndiyo inayotoa leseni. Texas ni tofauti. Kule mtu mmoja anaweza kumiliki ardhi ya juu, nyasi na maji na nyumba, na mtu mwingine kabisa akamiliki mafuta yaliyo chini. Na kisheria yule wa chini ana nguvu. Ana haki ya kupita juu kwa kadiri anavyohitaji ili afikie mali yake. Kwa hiyo mfugaji anaweza kuiona nguzo imeinama kwenye malisho yake kila asubuhi, asiwe na mamlaka ya kuigusa. Ampigie nani simu? Kisima kimeuzwa mara tatu tangu babu yake alipotia saini mkataba. Mwenye kisima wa sasa yuko mji wa mbali, kisima chenyewe kinatoa mafuta ya kujaza mapipa mawili matatu kwa siku, na nguzo mpya haitaongeza hata tone.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, wasikilizaji. Visima vikubwa vya kampuni kubwa mara nyingi vina wahandisi na bajeti ya matengenezo. Mimi wasiwasi wangu ni visima vichovu. Kisima kikianza kuzeeka, kampuni kubwa inakiuza kwa kampuni ya kati. Ya kati inakiuza kwa ndogo. Ndogo inakamua kilichobaki. Kila kinapouzwa, pesa ya matengenezo inapungua na nguzo zinazeeka. Wanaofanya biashara hiyo si lazima wawe watu wabaya. Hesabu zao ndizo zinazosema: pampu ikiharibika leo utaitengeneza leo, maana ikisimama hakuna mauzo, lakini nguzo ikiinama leo, mafuta yanaendelea kutoka.

Na nguzo ya mti inaozaje? Mnaokaa vijijini mnajua. Haiozi juu kwenye jua wala chini kabisa ardhini. Inaoza pale inapokutana na udongo, kwa sababu pale kuna unyevu na kuna hewa. Kwetu tunaongeza na mchwa. Kwa macho nguzo inaonekana nzima, nyeusi kwa dawa, imesimama. Fundi mzoefu hupiga magoti, akachimba udongo kidogo kuizunguka, akaigonga kwa nyundo na kusikiliza. Nguzo nzima inalia kavu, ngumu. Iliyooza ndani inatoa sauti ya bubu, kama anagonga gunia. Akiwa na shaka anatoboa kwa keekee, anatazama unga unaotoka: ukiwa mkavu na wa rangi yake, sawa, ukitoka umelowa, mweusi, unavurugika vidoleni, nguzo hiyo haitafika masika mengine. Kazi yenyewe ni ya dakika chache kwa nguzo. Haihitaji satelaiti wala kompyuta. Inahitaji mtu aliyetumwa aende.

Na nguzo si lazima ivunjike ndipo moto uanze. Nyaya zikilegea, upepo ukizichukua, zinapigana. Mnajua zile cheche? Zile si mwanga tu. Ni matone ya alumini iliyoyeyuka, na yakifika kwenye nyasi za Februari za Panhandle, au nyasi za Oktoba za kwetu Singida, yanakuwa bado ya moto.

Turudi kwenye swali letu. Nani anakagua? Jimbo la Texas lina mamlaka mbili zinazotuhusu leo. Ya kwanza inaitwa Railroad Commission, Tume ya Reli. Msishangae. Iliundwa mwaka 1891 kusimamia reli kwelikweli, baadaye ikapewa mafuta na gesi, na mwaka 2005 mambo ya reli yakahamishiwa kwingine. Leo haisimamii hata behewa moja, ila jina limebaki, na kila baada ya miaka michache anatokea mtu kupendekeza libadilishwe, hawakubaliani. Hii ndiyo inayotoa kibali cha kuchimba na ndiyo yenye wakaguzi wanaozunguka visimani. Ya pili ni Public Utility Commission, tume ya huduma za umma, inayosimamia kampuni za umeme.

Mkaguzi wa Tume ya Reli anafika kisimani. Anatazama mabomba, matangi, kama mafuta yanavuja, kama maji ya chumvi yanamwagika. Nguzo ya umeme imeinama hatua ishirini kutoka alipoegesha gari. Anaiona? Anaiona. Lakini yeye ni mtu wa visima, si mtu wa umeme. Tume ya umeme nayo inasema: sisi tunasimamia kampuni za umeme, na kampuni ya umeme inaishia kwenye mita. Kila mmoja anasema kweli! Hakuna aliyedanganya. Na katikati ya hizo kweli mbili kuna maelfu ya nguzo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: sheria ilikuwepo. Sheria ya rasilimali ya Texas ilikwisha kumtaka mwendeshaji wa kisima ajenge, aendeshe na atunze laini inayopeleka umeme kisimani kwa kufuata kanuni za kitaifa za ufungaji wa umeme. Imeandikwa. Mtu akiuliza bungeni kama kuna sheria, anajibiwa ipo, ifungue uisome. Kilichokosekana ni mtu wa kuigonga nguzo kwa nyundo, na mtu mwenye mamlaka ya kusema: zima huo umeme mpaka urekebishe.

Narudia, maana hili ndilo nililokuja kulisema leo. Sheria ilikuwepo. Mkaguzi hakuwepo. Na aliyekuwepo hakuwa na swichi mkononi.

Mwaka 2025 Bunge la Texas lilipitisha sheria kadhaa kutokana na moto ule. Moja inazigusa hizi laini za visima, inazitaka zile tume mbili zishirikiane badala ya kurushiana mpira. Nyingine zinazibana kampuni za umeme zenyewe: ziwe na mipango ya kukagua nguzo, ziwe na mipango ya kuzuia moto. Aliyeisukuma sana kazi hiyo ni mbunge Ken King, aliyekuwa mwenyekiti wa ile kamati, ambaye kwao ni Canadian, mji uliozungukwa na moto ule. Mimi nasema ni hatua, tena si ndogo kwa jimbo ambalo kampuni za mafuta zina sauti kubwa kuliko wafugaji. Lakini kushirikiana ni neno laini. Ofisi mbili zikiambiwa zishirikiane, swali langu la kwanza huwa ni moja tu: gari la kwenda kukagua ni la ofisi gani, na mafuta ya gari yako kwenye bajeti ya nani?

Ukiniuliza mimi, ningependa kuona mambo yakifungwa pamoja na kile mwenye kisima anachokihitaji kila siku. Anahitaji kibali cha kuendelea kuchimba, na anahitaji umeme. Kibali kihuishwe akionyesha cheti cha ukaguzi wa laini, kilichosainiwa na fundi mwenye leseni, jina lake na namba yake. Asipokuwa nacho, kampuni ya umeme iruhusiwe, tena ilazimike, kukata pale kwenye mita. Faini peke yake haitoshi. Faini inaingizwa kwenye gharama za biashara kama mafuta ya gari. Umeme ukizimwa, pampu inasimama, na siku hiyo hiyo utamwona mwenye kisima anayetoka mji wa mbali amefika na nguzo kwenye lori.

Basi, wasikilizaji, mtaniuliza: sisi yanatuhusu nini? Panhandle ni mbali.

Tuanze na bomba. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Kwa upande wa Tanzania linapita mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga yenyewe. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda. Kwa hiyo yanatakiwa yabaki na joto zaidi ya nyuzi 50 safari nzima, na joto hilo linatiwa kwa umeme, kwa kebo zinazofuatana na bomba. Mmeliona hilo? Watu wanalizungumza kama mradi wa mafuta, na ni kweli, lakini chini ya udongo ule ule ni mradi wa umeme pia, kutoka ziwa hadi bahari. Kebo zikiwa ardhini hazichomi nyasi, hilo ni jema. Lakini kuna vituo vya kusukuma mafuta, kuna laini za kuvipelekea umeme, na kuna mkuza wa bomba unaokutana na laini za umeme zilizokuwepo tangu zamani.

Na hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Bomba la chuma likilala sambamba na laini ya msongo mkubwa kwa mwendo mrefu, linaweza kupata umeme bila kuguswa na waya wowote. Wakati wa ujenzi, vipande vimeunganishwa, vimelazwa juu ya magogo, fundi anaweka mkono, anapigwa. Na hata baada ya kufukiwa, umeme huo unaweza kulila bomba kutu polepole. Dawa yake inajulikana: bomba linaunganishwa na ardhi kwa nyaya za kinga, linapimwa, linapimwa tena. Lakini nani anapima? Mtu wa bomba au mtu wa umeme? Mnaona, tumerudi pale pale.

Tukitazama mamlaka zetu, kila nchi imekata kivyake. Kenya wameweka umeme na petroli, hata uchimbaji, chini ya mamlaka moja, EPRA. Tanzania Bara, EWURA inasimamia umeme na inasimamia pia mabomba na biashara ya mafuta, lakini utafutaji na uchimbaji wa gesi, kama ule wa Songo Songo na Mnazi Bay, uko chini ya PURA. Zanzibar wana ZPRA kwa mafuta na ZURA kwa nishati na maji. Uganda wana Mamlaka ya Petroli upande mmoja na ERA, ya umeme, upande wa pili. Kisha kote kuna watu wa usalama kazini. Simsemi yeyote kuwa mzembe, maana mipaka ya namna hii haiepukiki. Hata ukiunganisha ofisi zote ziwe moja, ndani yake zitazaliwa idara, na idara zitakuwa na mipaka. Ninachosema ni kwamba kila palipo na mpaka kati ya ofisi na ofisi, mtu mmoja aandikwe jina. Kenya nawasifu kwa kupunguza mpaka mmoja, ingawa ofisi moja kubwa nayo inaweza kulala usingizi mmoja mkubwa.

Kabla sijaaga, nina neno kwa vijana wenye kazi kwenye miradi hii: madereva wa tipa, waendesha kreni, na vibarua. Nyie ndio mnaokutana na laini kabla ya mkaguzi yeyote. Kwenye maeneo ya mafuta, hatari kubwa ya laini za juu ni kitu kirefu kilichoinuliwa: bodi la tipa limesahaulika juu, mkono wa kreni, mlingoti wa mtambo wa kutengeneza kisima. Kanuni za Marekani zinataka kreni ikae angalau futi 10, yaani mita 3, mbali na laini ya hadi kilovolti 50, na umbali unaongezeka kadiri msongo unavyokua. Na umeme wa msongo mkubwa hausubiri uguse. Ukisogea karibu vya kutosha unaruka wenyewe.

Ikitokea gari lako limegusa waya, usishuke. Nasema tena, usishuke. Ukiwa ndani ya kabini bila kugusa chini, uko salama zaidi kuliko nje. Wapigie kelele wenzako wasisogee, subiri umeme ukatwe kwenye chanzo. Kama gari limeshika moto na huna njia nyingine, usishuke kwa mguu mmoja ukishikilia mlango. Ruka, miguu imebanana, utue kwa yote miwili pamoja bila kugusa gari, kisha usogee kwa kuburuza nyayo, hatua fupi fupi, mguu usiache mguu. Kwa nini? Kwa sababu ardhi yenyewe pale ina umeme, mwingi karibu na gari na unapungua kadiri unavyotoka mbali. Ukitanua hatua, mguu mmoja uko kwenye umeme mwingi na mwingine kwenye mdogo, na umeme utapanda mguu huu, ushukie ule. Wangapi wameokoka ajali kisha wakafa kwa hatua moja ya kukimbia! Fundishaneni hili leo leo, hata mkiwa kwenye chai.

Na kwa nyinyi mnaokaa kando ya mkuza, au jirani na visima na mitambo ya gesi, maofisa watakapokuja kwenye mkutano wa kijiji msiishie kwenye fidia peke yake. Fidia ni haki yenu, idaini. Lakini ukipata kipaza sauti, uliza pia: zile nguzo za kwenda kwenye kituo ni za nani, na mwaka huu nani amezikagua? Tukiona imeinama usiku wa manane tupige namba gani, na atakayepokea simu ana uwezo wa kuzima? Akikujibu kwamba hiyo ni kazi ya mkandarasi, mwulize mkandarasi akimaliza mkataba akaondoka, nguzo zinabaki kwa nani. Na usikae chini mpaka katibu ameliandika jina hilo kwenye muhtasari wa mkutano.